Mgahawa wa kuchoma karibu na ufukwe, Málaga: jiko linafungwa jioni?

Mama Wawili: Habari wakuu. Tupo Málaga, Hispania, na watoto, tumekodi gari. Jana saa kumi na moja jioni tukasimama kwenye mgahawa wa nyama choma kando ya barabara ya N-340. Meza zipo, wahudumu wapo, jiko limefungwa! Tukaambulia zeituni na mkate. Ndiyo kawaida yao?

Dereva Mstaafu: Pole dada, ndiyo kawaida. Jiko huwaka kama saa saba mchana hadi saa kumi, kisha kimya mpaka saa mbili usiku. Watoto wasikutie wasiwasi, wa kwao utawakuta wakikimbizana kati ya meza saa tano usiku.

Ila mkifika ufukweni agizeni espeto: sadini zilizotungwa kwenye kijiti cha mwanzi, zinachomwa kwa moto wa kuni ndani ya mtumbwi uliojaa mchanga. Chumvi tu, basi. Nilikula kwa mikono, mafuta yakafika viwikoni.

Mama Wawili: Hatuli nguruwe, je?

Binti Mwambao: Uliza kabla. Chorizo (soseji ya nguruwe) na kuku mara nyingi hulala wavu mmoja. Sema "sin cerdo", yaani bila nguruwe. Sadini zina moto wake.

Mama Wawili: Basi kesho saa nane mchana, sadini.