Raigrasi imefunika ukoka wangu hapa Dallas, nifanyeje?

Mtu wa Texas: Wakuu, habari za wakati huu. Niko Dallas. Uwanja wangu wa mbele ni ukoka (huku wanauita Bermuda), na kila baridi ikiingia unakauka, unageuka rangi ya gunia. Oktoba nikamwaga mbegu za raigrasi (nyasi zinazopenda baridi) juu yake, na kweli msimu wote wa baridi ulikuwa kijani kibichi. Sasa ni katikati ya Aprili, raigrasi imenona, ukoka siuoni ila vikamba viwili vitatu kando ya lami. Nasikia niiache tu, jua litaimaliza. Ni kweli? Na mbolea niweke?

Kaka wa Houston: Iache mkuu. Joto la Texas si mchezo, itakwisha yenyewe.

Shangazi Bustani: Kwisha itakwisha, ila ukoka utakuwa katika hali gani siku hiyo? Ukoka huamka udongo ukifika kama nyuzi 65 za Fahrenheit, na unataka jua mpaka chini. Ukifunikwa Aprili na Mei yote, raigrasi ikifa utabaki na mabaka matupu na magugu yanaingia. Shusha kisu cha mashine ya kukatia nyasi taratibu, kila ukikata usizidishe theluthi ya urefu, hadi ufike kama inchi moja. Majani yaliyokatwa yazoe. Maji punguza, maana raigrasi itaumia kabla ya ukoka. Mbolea usiguse mpaka ukoka utawale, la sivyo unamlisha mgeni.

Mzee wa Moro: Jamani, huku ukoka tunaung'oa shambani kwa jembe na matusi juu, wenzetu mnaubembeleza!

Fundi Nyasi: Mbegu ilikuwa ya mwaka mmoja au ya kudumu? Kama mfuko umetupa, chomoa shina changa utazame jani jipya linapochomoza. Likiwa limekunjwa katikati, ni ya kudumu. Likiwa limeviringika, ya mwaka mmoja. Ya kudumu ndiyo sugu, inaweza kukusumbua hadi Juni.

Mtu wa Texas: Nimetoka kuchomoa sasa hivi. Limekunjwa. Na imesongamana zaidi chini ya mwaloni. Jamaa mmoja ananiambia nipige glifosati, ile dawa ya kuua magugu.

Fundi Nyasi: Usithubutu! Ukoka umeshachipua, utaua vyote viwili.

Shangazi Bustani: Chini ya mwaloni usihangaike na ukoka kabisa, haupendi kivuli. Panda nyasi aina ya St. Augustine hapo, vipande vyake vinauzwa, na Mei ni wakati mzuri. Oktoba ukitaka tena kijani, chukua raigrasi ya mwaka mmoja, pauni 5 hadi 10 kwa futi za mraba 1,000. Ulimwaga ngapi safari hii?

Mtu wa Texas: Mfuko mzima, shangazi. Pauni 25, na uwanja haufiki futi 1,500.

Shangazi Bustani: Aisee. Basi anza kukata leo, usingoje wikendi.