Wenye kisukari na tunaouguza nyumbani hapa Dar, tupeane uzoefu wa maisha ya kila siku

Mjukuu wa Tandika

Wakuu habari za majukumu, wakubwa shikamooni.

Bi mkubwa wangu anaishi na kisukari miaka mingi, anachoma sindano asubuhi na jioni, na mwaka huu na mimi nimekabidhiwa kadi ya uanachama. Nimepimwa sukari sijala kitu ikasoma 9.2 (mmol/L), wakanirudia siku nyingine bado iko juu, na kuanzia 7 ukiwa na njaa wanakuandikia kisukari, basi. Nimeanzishiwa metformin, vidonge vya kushusha sukari. Mwanzo tumbo lilinichafuka balaa, nesi akanambia nisimeze kabla, nimeze katikati ya chakula, ikatulia.

Sasa naomba tusiandikiane yale ya punguza wanga fanya mazoezi, hayo yamebandikwa ukutani kila kliniki. Nataka ya ndani ya nyumba, unakulaje kwa mama ntilie, umeme ukikata insulini unaiweka wapi, ukiishiwa nguvu kwenye daladala unafanyaje.

Naanza mimi na insulini. Sisi hatuna friji. Chupa ambazo hazijafunguliwa zipo kwa jirani anayeuza barafu, na tumekubaliana zikae rafu ya katikati, zisisogezwe karibu na friza, maana insulini ikishaganda hata ikiyeyuka ni ya kutupa. Ile inayotumika ipo ndani kwetu kwenye chungu. Unachukua chungu kikubwa unatia mchanga, unazamisha chungu kidogo katikati, unamwagia mchanga maji asubuhi na jioni, chupa inakaa ndani ya kopo la Blue Band lenye mfuniko ili isilowe, juu unafunika kitambaa kibichi. Kiwe kivulini penye upepo, yale maji yakikauka ndo yanaondoka na joto. Dar kuna unyevu kwahiyo usitegemee baridi la friji, lakini ukitia mkono unasikia kabisa kule ndani kuna nafuu, na chupa ukishaifungua inavumilia nje ya friji kama wiki nne hivi mradi joto lisipite 30. Sasa chumba cha bati mwezi wa pili hiyo 30 imeshapitwa saa nne asubuhi, hapo chungu ndo mkombozi. Tarehe ya kufungua tunaandika kwenye plasta tunabandika kwenye chupa.

Karibuni.

Usukani G/Mboto

Kaka pole na bi mkubwa mpe pole zake. Mi niko kwenye daladala, natumia vile vidonge vya glibenklamaidi, ambavyo ukimeza halafu chakula kikachelewa vinakushusha mpaka unaona giza, na kazi yetu unaijua, unakula ukipata nafasi.

Kwangu inaanza midomo inakuwa kama ganzi, jasho la baridi, mikono inatetemeka, halafu nakuwa na hasira za ajabu, konda akiniona nagombana na kila mtu anaanza kushtuka yeye kabla yangu. Siku ya foleni ya Buguruni abiria walishaanza kusema dereva kalewa, mwingine anatoa simu arekodi. Konda akawaambia tulieni huyu sukari imeshuka, akanitolea nailoni yangu.

Hiyo nailoni ndo nachotaka niwape. Sukari ya kawaida ya dukani vijiko vitatu vya chai, naifunga kama wanavofunga ubuyu, moja mfukoni moja kwenye dashbodi. Ikianza tu naegesha pembeni kwanza, nazima gari, natia mdomoni na maji kidogo. Nusu chupa ya soda nayo inafanya kazi ileile ila iwe soda yenye sukari, hizi za ziro hazikusaidii kitu hapo. Nasubiri robo saa, kama bado sijakaa sawa narudia, nikikaa sawa ndo natafuta chakula cha maana. Kuna watu wakishuka wanakimbilia karanga au chapati, inachelewa mno hiyo, utaanguka unatafuna.

Na mwambie mtu unayefanya nae kazi. Ukizidiwa huwezi kujieleza, na mtu akishazimia asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali mbio.

Mama Lishe Buguruni

Haya wanangu, mimi napika na mimi mwenyewe ninayo, kwahiyo naongea kutoka pande zote mbili za sufuria.

Kwanza dona. Mteja anakuja anajisifu mama siku hizi nimeacha sembe nala dona, halafu anataka kilima kile kile kama mlima. Mwanangu dona ina nafuu yake lakini ni mahindi hayohayo, ukila kilima sukari inapanda tu. Kwangu mwenye kisukari nampakulia ugali wa ukubwa wa ngumi yake, nusu sahani najaza matembele au mchicha, kilichobaki samaki au maharage. Bei naweka ileile maana ugali nimempunguzia lakini mboga nimemuongeza. Ongea na mama ntilie wako, sisi hatukatai, tatizo lenu mnaona aibu kusema.

Pili uji wa lishe. Watu wameufanya dawa! Unga wa mahindi, ulezi, mchele, mtama, vyote hivyo wanga, halafu kikombe cha nusu lita na sukari juu. Na asali ni sukari, na sukari guru ni sukari, nimechoka kubishana.

Msibani na kwenye shughuli, ukikataa chakula watu wananuna. Mi naketi karibu na anayepakua namwambia mapema nitilie nyama na kachumbari, pilau kidogo ya heshima. Na maji nachukua mkononi kabla soda hazijafika, mtu akikukuta una chupa mkononi hakufungulii nyingine.

Embe Dodo

Fupi tu. Kabla hujajitoboa nawa mikono na sabuni ukauke vizuri. Nilikuwa namenyea watoto embe nikafuta vidole kwenye khanga nikapima, 17! Nusura nipige simu kwa dokta. Nimenawa nikarudia kidole kingine, 7 na kidogo. Ile ilikuwa sukari ya embe kwenye ngozi. Na toboa ubavuni mwa kidole, pale kati panauma bure.

Kijana wa Vingunguti

Hili la kwangu wengine watacheka ila naomba mlisome lote.

Baba yangu miguu ilishakufa ganzi, ukimgusa kidole cha mguu hajui. Asubuhi moja mama anatandika anakuta shuka ina damu upande wa miguuni, baba mwenyewe hana habari anaulizia chai. Kumuangalia kidole gumba kimeng'atwa kimeliwa pembeni, nyama inaonekana. Panya. Waswahili wanasema panya anauma huku anapuliza, sasa kwa mtu mwenye ganzi hana hata haja ya kupuliza, anakula kwa nafasi.

Bahati tulimpeleka siku ileile, jirani alishaanza kuleta majivu na mwingine anasema paka dawa ya meno, mama akakataa kata kata. Kidonda kilipona taratibu sana, lakini kidole kipo.

Tangu hapo baba haendi kulala bila kunawa miguu, maana mboga ikidondokea mguuni harufu ndo inamuita, anakausha mpaka katikati ya vidole, anavaa soksi safi, na chandarua tunakichomeka chini ya godoro pande zote. Mtu anadhani chandarua ni mbu tu. Asubuhi anakaguliwa, mdogo wangu anashika kioo chini ya unyayo anatazama kama kuna mchubuko au wekundu. Viatu lazima vikung'utwe, tulishakuta kifuniko cha soda ndani na alikuwa ameshavitembelea.

Kuhusu viatu, tunanunua mtumba pale Karume na baba haendi, miguu inamchosha. Tunamsimamisha jioni juu ya boksi, jioni mguu unakuwa umejaa kidogo, tunachora kwa kalamu tunakata, tunaenda na lile boksi tunalisukuma ndani ya kiatu. Likikunja pembeni hatununui hata kiwe kizuri vipi.

Mti Shamba

Wakuu mnajitesa na masindano, mjomba wangu katumia unga wa mlonge kapona kabisa kaacha vidonge. Mwenye shida aje inbox.

Nesi Mstaafu

Mwanangu wa mlonge, mjomba kapima lini mara ya mwisho na ilisoma ngapi? Tuanzie hapo. Mlonge ni mboga, aule. Kuacha dawa kwa sababu unajisikia vizuri nimeona mwisho wake wodini, na kuna wanaochanganya mizizi na vidonge sukari ikashuka mpaka wakaletwa hawajitambui.

Mjukuu, bi mkubwa kama anatumia ile insulini ya maziwamaziwa asiitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi, aiviringishe taratibu katikati ya viganja mpaka rangi ilingane. Na mkague tumboni, anayechoma sehemu moja kila siku anaota kibonge, pale hapaumi kwahiyo anapapenda, lakini dawa ikichomwa hapo haiingii vizuri. Ahamehame. Sindano zilizotumika mtie kwenye dumu gumu lenye mfuniko mlirudishe kliniki, zisiende kwenye mfuko wa taka zikamchome kijana wa mkokoteni.

Wafungaji, nendeni kliniki kabla Ramadhani haijaandama, dawa na saa zake zinapangwa upya. Mchana pimeni, mashekhe wengi wanasema kutoboa kidole hakuharibu swaumu. Ikiwa chini ya 4 au imepita 16, fungua palepale hata kama imebaki nusu saa adhana. Futari anza na tende moja na maji, magimbi na mihogo usichanganye vyote siku moja.

Daftari la Kimara

Stripu za mashine ya kupimia sukari ni ghali, mi siwezi kupima mara nne kwa siku. Kwahiyo leo napima asubuhi kabla ya chai, kesho masaa mawili baada ya chakula cha mchana, keshokutwa kabla ya kulala, nazungusha hivo na kuandika pembeni nilikula nini. Dokta anapata picha nzima. Ndo nilivojua wali maharage wa mchana hauna shida kwangu, anayenipandisha ni maandazi ya asubuhi. Siku najisikia vibaya napima hata kama sio zamu yake. Na miwani usikimbilie kununua kama sukari bado inapanda na kushuka, macho nayo yanabadilika, subiri itulie ndo ukapime.

Mjukuu wa Tandika

Nesi shikamoo mama na ahsante, nimemkagua bi mkubwa, kibonge kipo kushoto mwa kitovu na amekiri ndo sehemu yake ya kila siku. Kesho kutwa ana kliniki nitamuonyesha dokta. Kijana wa Vingunguti, boksi nimelikata tayari. Mnamjua fundi viatu yeyote Kariakoo anayeweza kutanua ngozi upande wa vidole bila kuharibu soli?