Naombeni ushauri: mgonjwa wangu wa saratani ya damu anaruka dozi, nimfundisheje?

Mleta uzi
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni nesi, nimehamishiwa kliniki ya magonjwa ya damu miezi michache iliyopita. Nina mzee mmoja mwenye CML, ile lukemia inayokwenda taratibu. Anatumia imatinib, miligramu 400 kila siku. Juzi nilimwomba anioneshe kopo lake. Vilipaswa kubaki vidonge 2. Tukavimimina mezani, tukahesabu pamoja, vikawa 11. Na nilishamweleza dakika 20 nzima, yeye anaitikia tu "ndiyo, mwanangu". Inaniuma, maana dawa ipo na inafanya kazi. Wenye uzoefu mnafundishaje? Naomba kuwasilisha.

Nesi wa siku nyingi
Pole, mdogo wangu. Hizo dakika 20 ndizo zilizokuponza. Mtu aliyetoka kuambiwa ana saratani habebi mengi kichwani. Mimi humpa jambo moja, kisha namwambia: "Baba, ukifika nyumbani watakuuliza nesi kasema nini. Utawajibuje?" Akianza kueleza ndipo najua kipi kimeingia na kipi kimepita pembeni.

Na jambo la kwanza liwe hili: seli nyeupe zikirudi kawaida, ugonjwa haujaisha. Kuna kinasaba kibovu, BCR-ABL, kinachouamuru uboho utengeneze seli bila kukoma. Kidonge kinakizuia, lakini lazima kimezwe kila siku. Ndiyo maana tunarudia kipimo cha BCR-ABL, kwa kawaida kila miezi 3 mwanzoni. Wengi huanza kuruka dozi pale wanapojisikia wazima.

Ninayeishi na CML
Huu ni mwaka wangu wa 8. Nesi, kabla hujamfundisha, muulize hicho kidonge kinamfanya nini. Mimi usiku misuli ya miguu ilikuwa inanikaza hadi nalia, asubuhi naamka macho yamevimba. Nikawa naruka kimyakimya, nikiogopa kuonekana mkaidi. Siku moja nesi aliniuliza, "Siku ipi huwa ngumu kumeza?" Hakuniuliza kama nameza. Nikafunguka yote, daktari akanisaidia.

Mfamasia
Nyongeza muhimu. Imatinib humezwa pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Nilotinib, dawa nyingine ya CML, ni kinyume chake: mgonjwa akae saa mbili bila kula kabla ya kumeza, na saa nzima baada ya kumeza. Wagonjwa wanakutana kwenye foleni, wanapeana masharti, kumbe dawa si moja. Balungi wote waliache. Akisahau dozi, asimeze mbili kwa mpigo kufidia. Na dawa za mitishamba muulize kwa upole, la sivyo atazificha.

Mleta uzi
Marejesho: Mfamasia, umelenga penyewe. Nimemuuliza mzee siku ipi huwa ngumu, akasema siku za safari. Mwenzake wa foleni alimwambia vidonge hivi ni vya tumbo tupu, kwa hiyo alikuwa anameza alfajiri, anatapika. Akiwa na safari anaacha, asije akatapika njiani. Nimemwarifu daktari, na kipimo cha BCR-ABL kimeagizwa. Leo amenieleza mwenyewe bila kusukumwa: "Nakula kwanza, ndipo nameza, nashushia maji mengi." Keshokutwa anakuja na binti yake, na kopo.