“Mbichi” ya jikoni, ya fundi na ya mtaani: unajuaje ni ipi?

Mhariri_Mapishi: Wakuu, nahariri mapishi na neno hili linanipa tabu. Ukurasa mmoja una samaki mbichi, maharage mabichi na papai bichi, na kila kimoja kina ubichi wake. Mtaani nako “bado mbichi” mara ni sifa, mara dharau. Mnatofautishaje?

Ng'onda: Uliza kinyume chake. Samaki mbichi si mkavu, si wa kukaanga, si wa barafu. Hakuna anayekwambia umle hivyo hivyo. Nyama mbichi haijapikwa. Embe bichi halijaiva. Maziwa mabichi hayajachemshwa. Nguo mbichi haijakauka. Ukishapata upande wa pili, umemaliza.

Jiko_la_Mkaa: Kwenye maharage usipite haraka, mkuu. Mabichi ni yale yanayomenywa kwenye ganda yakiwa laini, na maji yake yamo ndani. Hayalowekwi, na huiva ndani ya saa moja hivi. Msomaji akichukua makavu akafuata muda huohuo, atakula magumu, na maharage mekundu yasiyoiva vizuri yana sumu ya asili inayotapisha. Kwa hiyo andika wazi. Makavu yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yaanze na maji mapya na yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi, ndipo moto upunguzwe mpaka yalainike.

Papai nalo lazima liwe bichi kweli, ukilikata litoe utomvu mweupe. Utomvu huo una papaini, ndiyo inayolainisha nyama. Kijiko 1 kikubwa cha papai lililokunwa kinatosha kilo 1 ya mishkaki kwa saa 1 hadi 2. Ukiilaza nayo hadi asubuhi, nyama inarojeka na haishiki kwenye kijiti. Lililoiva limepoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo, na sukari yake inaungua kwenye mkaa kabla nyama haijaiva.

Fundi_Tanuri: Hiyo kanuni ya kinyume inafaa hata kwetu, ila msidhani kukauka kunaondoa ubichi kila mahali. Tofali likianikwa hadi likauke kabisa bado ni bichi mpaka lipite kwenye tanuri. Mvua ikilipiga linarudi kuwa tope. Mbao ni kinyume chake: mbichi ni yenye maji. Ukiitengenezea mlango itakaukia palepale, itapinda, na mlango utakataa kufunga.

Kijiweni: Mtaani angalia umri wa anayetajwa. Kijana “bado mbichi” hana uzoefu, hiyo ni dharau. Mzee wa miaka 70 “bado mbichi” ana nguvu zake, hapo umemsifu. Akisemwa binti, neno lina tamaa ndani yake. Usilitamke mbele ya wazazi wake.

Mhariri_Mapishi: Nimewapata. Sasa niandike embe bichi au embe mbichi?

Ng'onda: Yote yanasemwa. Anayesema “maembe haya” ataandika embe bichi, maembe mabichi. Anayesema “embe hizi” ataandika embe mbichi. Shika moja kitabu kizima. Yai ndilo halina mjadala: yai bichi, mayai mabichi.