Naomba ushauri: mwanangu alishaugua korona, je, kinga yake bado ipo?

Habari zenu wapendwa. Mimi ni Mtanzania, naishi Houston, Texas. Mwanangu wa miaka 6 aliugua korona Januari 2022, wimbi lile la Omikroni. Homa siku mbili, kikohozi wiki nzima, kisha akapona, namshukuru Mungu. Sasa ni Mei 2022. Bibi yake anakuja kutoka Tanga, ana kisukari, na roho yangu haitulii.

Baba yake anasema mtoto ana kinga tayari, tusimsumbue na sindano. Anashikilia utafiti wa hapa hapa Texas wa watoto 218, wa miaka 5 hadi 19: asilimia 96 ya walioambukizwa walikuwa bado na kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na virusi, hadi miezi 7 baadaye. Nimeusoma pia, na ulinipa faraja. Lakini kuwa na kingamwili kwenye damu si sawa na kutoambukizwa tena, na Omikroni imewarudia wengi waliokwisha kuugua. Isitoshe, huyu akiupata tena huenda asionyeshe hata mafua, huku akilala kitanda kimoja na bibi.

Ile miezi 3 ambayo mtu anaruhusiwa kusubiri baada ya kuugua ndipo achanjwe imeshapita. Mimi naelekea kumchanja, dozi mbili za watoto, wiki tatu katikati, kwa ratiba ya sasa ya 2022.

Mliopitia haya, watoto wenu waliugua tena baada ya muda gani? Na mlimlindaje mzee nyumbani?