Naomba ushauri: kuongeza boksi la fyuzi kwenye gari la zamani

Habari zenu wakuu. Gari langu ni la zamani, boksi lake la fyuzi lina nafasi chache na zote zimejaa. Mwenye gari wa awali alikuwa akiunga kila kitu kipya kwenye waya wa redio, na ukigusa ile plastiki ya boksi baada ya safari ya usiku unakuta ina moto na imeanza kuwa kahawia. Sitaki kuendelea hivyo.

Nataka kufunga boksi la pili la fyuzi sita: spotilaiti mbili za wati 55 (hizo peke yake ni kama ampea 9), amplifaya ndogo yenye fyuzi ya ampea 20, na chaji ya simu. Wazo langu ni kuvuta waya mnene moja kwa moja kutoka betri, fyuzi kuu ya ampea 40 karibu kabisa na betri, halafu rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme mdogo) inayowashwa na swichi ya funguo ili vitu vizime gari likizimwa.

Ninapokwama: waya wa milimita 6 za mraba utatosha kwa mita mbili hivi, au niende 10? Ethi (waya za kurudisha umeme) nazo nizirudishe zote betri, au bodi ya gari inatosha nikikwangua rangi vizuri? Na altaneta (inayochaji betri injini ikiwaka) ni ya ampea 45 tu. Taa kubwa, waipa na feni vikiwaka pamoja na hivi, si betri itaanza kuliwa? Fundi mmoja kaniambia nisijali, ila hakupima chochote.