Furaha ya mazoezi iko kwenye mizani?

Swali (Mwanga, Kigoma): Ndugu zangu, nakimbia kila alfajiri ili nipunguze uzito, lakini mizani isiposhuka nakosa hata hamu ya kuvaa raba. Je, furaha hupatikanaje kabla ya lengo kutimia?

Jibu (Ujiji): Mizani hupanda na kushuka kwa maji na chumvi ya chakula cha jana, hivyo usiikabidhi furaha yako. Telemka Kibirizi kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza, ukitazama mitumbwi ya dagaa ikirejea kutoka Ziwa Tanganyika. Kwangu hakuna saa bora kuliko hiyo.

Jibu (Gungu): Naafiki. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na moyo hunufaika hata kilo zisipopungua. Tafuta pia mwenzako wa kukimbia naye.